Miezi minne ya fiziotherapia na kiuno bado kinauma: tiba hii inaponya, au inatuliza tu?

#1 Soli ya Kiatu (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Nina miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa, na kiuno kimeniuma kwa mwaka mmoja na nusu. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imevimba kuelekea nyuma kidogo, nami nikaandikiwa fiziotherapia mara mbili kwa wiki. Sasa nimemaliza mwezi wa nne. Kila nikienda utaratibu ni uleule: nalala kifudifudi, nawekewa mfuko wa moto kwa dakika kumi na tano, navishwa vibandiko vinne vya umeme vinavyotekenya ngozi kama sisimizi, napitishiwa kichwa cha ultrasaundi chenye jeli baridi, nachuliwa kidogo, kisha naambiwa nirudi Alhamisi. Nikitoka pale najisikia mwepesi, lakini jioni nikiinama kufunga kamba za viatu nayakuta maumivu yananisubiri palepale nilipoyaacha.

Swali langu ni hili: je, fiziotherapia huponya maumivu sugu ya kiuno, au inatuliza tu kwa saa chache? Na kama kuna aliyepona, alifanyiwa nini hasa?

#2 Nahodha wa Kitandani

Pole sana, mleta mada. Kwa maoni yangu wanakuchosha bure. Kidonda hakifungi kikichokonolewa kila siku, na mgongo nao ni hivyohivyo. Lala wiki mbili kwenye godoro gumu, funga mkanda wa kiuno unapoamka, usibebe kitu chochote, utaona mabadiliko. Mimi hufanya hivyo kila kiuno kinaponikamata, na kila mara huwa kinaachia.

#3 Daftari Jeusi

Nahodha, ushauri huo ulikuwa wa kawaida hata kwa madaktari wa vizazi vilivyopita, ila ulipopimwa haukusimama. Mwaka 1986 Deyo na wenzake wa Marekani walilinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku mbili na walioambiwa walale siku saba. Nafuu ililingana, lakini wale wa siku mbili walikosa kazi siku chache zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walikwenda mbali zaidi kwa kulinganisha kulala, mazoezi ya mgongo, na kuendelea na shughuli za kawaida kadiri mtu anavyoweza, na kundi la tatu ndilo lililopona haraka kuliko yote.

Nakiri jambo moja kabla sijashambuliwa: majaribio yote mawili yalihusu maumivu mapya, si maumivu sugu. Maumivu huitwa sugu yakivuka wiki kumi na mbili, na mleta mada amezivuka siku nyingi. Hata hivyo, sijaona sababu ya kuamini kwamba kitanda kilichoshindwa kumsaidia mwenye maumivu ya siku tatu kitamsaidia mwenye maumivu ya mwaka na nusu.

#4 Mkono Mwepesi

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kusoma bandiko la kwanza kumenitia aibu kidogo kwa niaba ya wenzangu. Mleta mada, umelazwa, umepashwa moto, umepitishiwa umeme, umechuliwa. Katika yote hayo, wewe mwenyewe umefanya nini? Hakuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, unapendekeza programu ya mazoezi iliyopangwa, elimu kwa mgonjwa, tiba ya kisaikolojia kwa wanaoihitaji, na pia kuchua na kunyoosha pingili kwa mikono. Mwongozo huohuo unashauri ultrasaundi, vibandiko vya umeme, kuvuta mgongo kwa mashine na mikanda ya kiuno visitumike. Nahodha, soma hapo penye mikanda mara mbili.

Sasa naomba unijibu. Je, ulipoanza ulipimwa kwa kusimama, kuinama, kujipinda kwa nyuma na kutembea, au waliangalia picha tu? Je, maumivu yanashuka mguuni kupita goti? Na la muhimu kuliko yote: je, umewahi kufa ganzi sehemu ile inayogusa tandiko ukipanda baiskeli, kushindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu? Kwa dalili hizo hatusubiri Alhamisi, tunakwenda hospitali saa hiyohiyo. Homa, kupungua uzito bila sababu, kuanguka vibaya, au historia ya saratani navyo vinahitaji daktari kabla ya mazoezi yoyote.

#5 Soli ya Kiatu (mleta mada)

Ahsante, Mkono Mwepesi. Dalili hizo za hatari sina hata moja. Maumivu yanaishia kwenye tako la kushoto, mara chache yanafika pajani. Ama kupimwa, nilijaza fomu, picha ikaangaliwa, nikaelekezwa kitandani. Hakuna aliyewahi kuniona nikiinama.

#6 Mama Pacha

Nimecheka kwa uchungu hapo "hakuna aliyewahi kuniona nikiinama", kwa sababu nimepitia yote mawili, kwa mtaalamu wa mashine na kwa mtaalamu anayetumia macho yake. Kiuno changu kilianza baada ya kujifungua pacha na kikaendelea miaka miwili. Mtaalamu wa pili hakunigusa hata kidogo siku ya kwanza. Aliniambia nivue soksi, kisha nizivae, na huku akiniangalia aliandika ukurasa mzima.

Akanipa karatasi yenye michoro minne. Mmoja ni huu: unapiga magoti na viganja sakafuni, unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, unahesabu hadi nane, unabadilisha. Ukiusikia unaweza kuudharau. Alichukua mpini wa ufagio akaulaza mgongoni mwangu na kusema, "Ukianguka, hesabu inaanza upya." Siku ya kwanza ulianguka kabla sijafika tatu. Wiki ya sita nilikuwa nafanya mara kumi kila upande na ufagio umetulia kama uko dukani. Karatasi yenyewe imechanika kwenye mikunjo na nimeiunganisha kwa gundi mara mbili, lakini bado ninayo.

Je, nimepona? Kiuno hukumbusha kuwa kipo nikikaa safarini saa nyingi. Ila nilikuwa siwezi kumnyanyua mtoto mmoja, na sasa nabeba wote wawili wakigombana.

#7 Fundi Mwereka

Hongera, Mama Pacha, ila zoezi hilohilo liliniongezea maumivu, kwa hiyo watu wasilikimbilie kama dawa ya mafua. Kilichonisaidia ni njia ya Daktari McKenzie: unalala kifudifudi, unajiinua kwa viwiko, baadaye kwa viganja huku nyonga zimebaki sakafuni, mara kumi, kila saa mbili au tatu. Mimi maumivu yalikuwa yanafika kwenye shavu la mguu. Siku ya tatu yalirudi gotini, kisha pajani, mwisho yakabaki kiunoni peke yake. Kiuno kiliuma zaidi kuliko mwanzo, nikaogopa, lakini mtaalamu akaniambia hiyo ndiyo dalili njema aliyokuwa anaitafuta: maumivu yanapanda kuelekea katikati.

#8 Daftari Jeusi

Sahihisho dogo: Robin McKenzie hakuwa daktari, alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Kisa chake kinafurahisha. Mwaka 1956 mgonjwa ambaye baadaye alijulikana kwa jina la "Bwana Smith" aliambiwa aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa na upande wa kichwa umeinuliwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine, naye akalala hivyohivyo, mgongo umepinda kwa nyuma, kama dakika tano. McKenzie alipoingia alishtuka akidhani mtu ameumizwa, kumbe mtu anasema maumivu ya mguu yamekwisha.

Kinachochekesha ni kwamba miaka mingi kabla yake, mwaka 1937, daktari wa mifupa wa Marekani aitwaye Paul Williams alikuwa ametoa mazoezi ya kuelekea upande wa pili kabisa, ya kukunja magoti kifuani na kuondoa lile bonde la kiuno. Wote wawili walipata wafuasi, na wote wawili walikuwa na wagonjwa walioapa kwamba wamepona.

#9 Nahodha wa Kitandani

Yaani mmoja anasema jikunje, mwingine anasema jikunjue, wote wana wafuasi, halafu mimi niliyenyooka ndiye mjinga wa uzi huu?

Na niongeze hoja ya kisayansi, msije mkadhani nalala kwa uvivu. Nachemson wa Sweden alichomeka sindano za kupimia shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, akaona shinikizo liko chini kabisa mtu anapolala chali, na linapanda akikaa. Mjibuni Nachemson, mniache mimi.

#10 Daftari Jeusi

Nahodha, leo umekuja na silaha, hongera. Vipimo vile vya Nachemson vya miaka ya 1960 ni vya kweli na vilibadilisha hata namna watu walivyofundishwa kukaa. Ila kuna vipimo vya mwaka 1999 vya Wilke na wenzake, vilivyofanywa kwa mtu mmoja tu aliyejitolea, vikaonyesha kwamba alipolala usiku shinikizo halikubaki chini. Ndani ya saa saba lilipanda kutoka 0.10 hadi 0.24 MPa (kizio cha shinikizo), kwa sababu diski isiyobeba uzito hufyonza maji na kujaa. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni, na ndiyo maana wengi wetu kuinama kwa kwanza asubuhi ndiko kugumu kuliko kote. Ukilala wiki mbili unaziloweka diski.

#11 Pingili ya Nne

Naona watu wanazunguka mbuyu. Mleta mada ana diski iliyovimba, imeonekana kwenye picha. Kilichotoka mahali pake hakirudishwi na ufagio. Mimi nilipoteza miezi tisa kwenye mazoezi huku kidole gumba cha mguu kinazidi kulegea, hadi nikawa naburuza kiatu. Nilifanyiwa upasuaji, na nilipoamka maumivu ya mguu hayakuwepo. Tangu madaktari wa upasuaji Mixter na Barr walipoandika kuhusu diski mwaka 1934, inajulikana kwamba diski ikiukandamiza mshipa wa fahamu, dawa ni kuondoa kinachokandamiza. Fiziotherapia ni nzuri baada ya hapo.

#12 Mkono Mwepesi

Kwa kidole kinacholegea ulifanya vizuri, na aliyekuacha miezi tisa katika hali hiyo alikosea, kwa kuwa udhaifu unaoongezeka haungojewi. Lakini kesi yako si kesi ya mleta mada. Yeye hana mguu uliolegea, ana kiuno kinachouma na picha yenye diski iliyovimba kidogo, na picha peke yake ni shahidi dhaifu. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 zenye picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Diski zilizovimba zilikuwa asilimia 30 kwa vijana hao na asilimia 84 kwa wazee. Hao wote walikuwa wanalala usingizi wao vizuri. Tena diski iliyochomoza mara nyingi husinyaa yenyewe kwa miezi, mwili ukiila taratibu.

#13 Pingili ya Nne

Hesabu hiyo huwa inatajwa nusu. Timu hiyohiyo, mwaka huohuo, ilichapisha uchambuzi mwingine ulioweka wenye maumivu na wasio na maumivu bega kwa bega, wote wa miaka 50 kushuka chini, ikakuta diski zilizovimba, zilizochomoza na zilizochakaa ni nyingi zaidi kwa wenye maumivu. Kwa hiyo picha haisemi kila kitu, lakini si bubu kama mnavyotaka iwe.

#14 Mkono Mwepesi

Hapo umenikamata, ni kweli. Nitasema hivi: picha inaongeza uwezekano, haitoi hukumu. Kwa wagonjwa walio wengi sana wa kiuno, kama asilimia 90, hatuwezi kuonyesha kwa kidole kitu kimoja na kusema ndicho kinachouma.

#15 Kobe Mwendo

Mnajichosha na ufagio na viwiko wakati dawa ni miguu. Tembeeni! Utafiti wa Australia wa mwaka 2024 unaoitwa WalkBack umethibitisha kwamba kutembea kunaponya maumivu ya kiuno. Mimi natembea nusu saa, siku tano kwa wiki, na mgongo wangu hauna habari.

#16 Daftari Jeusi

Kobe, utafiti upo na ni mzuri, ila haukusema hivyo. Washiriki 701 walikuwa watu ambao maumivu yao yalikuwa yamekwisha karibuni, na swali lilikuwa yatarudi lini. Waliopewa programu ya kutembea na elimu, wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, walikaa kwa wastani wa kati siku 208 kabla ya maumivu kurudi, na wasiopewa siku 112. Hayo ni mafanikio makubwa ya kuzuia yasirudi haraka. Hayahusu moja kwa moja mtu kama mleta mada, ambaye maumivu yake hayajawahi kuondoka ili yarudi.

#17 Kobe Mwendo

Nimekubali sahihisho, lakini kesho nitatembea vilevile.

#18 Mwalimu wa Zamu

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa, japo najua nitarushiwa mawe. Kilichonifunga mimi miaka mitatu kilikuwa hofu. Niliambiwa siku ya kwanza kwamba mgongo wangu "umekwisha" na nikiinama vibaya nitapooza. Tangu siku hiyo nilikuwa naokota kalamu kama mtu anayeteremka ngazi, pumzi nimeibana, tumbo nimelikaza kama ngoma. Mtaalamu mmoja aliponirekodi kwa simu na kunionyesha nilivyokuwa nainama, sikujitambua. Alinifundisha kufanya kinyume: kulegeza tumbo, kutoa pumzi, kuinama mgongo ukiwa wa mviringo, kwanza nikiwa nimekaa kwenye kiti, mwisho nikiwa nimesimama. Mara ya kwanza nililia, na sikulia kwa maumivu.

Njia hiyo ilijaribiwa Australia katika utafiti wa RESTORE uliochapishwa mwaka 2023, wenye washiriki 492 wenye maumivu sugu. Walihudhuria hadi vipindi saba ndani ya wiki kumi na mbili na kimoja cha nyongeza baadaye, na nafuu ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mzima.

#19 Fundi Mwereka

Kwa hiyo maumivu yangu yapo kichwani? Njoo unisaidie kubeba mbao siku moja, tuone kama ni mawazo.

#20 Mwalimu wa Zamu

Sikusema hivyo, ndugu yangu, na mimi ningekasirika kama wewe. Maumivu ni ya kweli. Ninachosema ni kwamba misuli inayokazwa mchana kutwa kwa woga huuma, na mtu asiyelala kwa woga huumia zaidi kesho yake. Gordon Waddell, aliyekuwa daktari wa upasuaji wa mifupa kule Scotland na si mganga wa mawazo, aliandika mwaka 1987 kwamba mgongo hauwezi kutibiwa bila kumtazama mtu mzima, mwili wake, fikra zake na maisha yake.

#21 Fundi Mwereka

Sawa, nimeelewa kidogo. Bado nasema viwiko.

#22 Mchwa Mweupe

Wakubwa zangu, mimi nina miaka 29 na naomba mnisikilize kwa sababu sikufanana na yeyote hapo juu. Kiuno kilianza nikiwa na miaka 24. Kilikuwa kinaniamsha saa tisa usiku, asubuhi nakuwa mkavu kama ubao zaidi ya saa nzima, na ajabu ni kwamba nikitembea au kucheza mpira nalainika, nikipumzika naumia. Nilifanyiwa fiziotherapia miaka miwili kwa jina la "misuli iliyochoka". Picha ya kiuno ilisomwa kuwa safi. Mwisho daktari wa baridi yabisi aliniuliza kuhusu jicho langu lililokuwa jekundu na kuuma mwaka uliopita, akaagiza kipimo cha damu cha HLA-B27 na MRI ya maungio yanayounganisha nyonga na uti wa mgongo. Nilikuwa na ankilosisi spondilaitisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia maungio ya mgongo.

Mazoezi bado nafanya kila siku, maana ni sehemu ya tiba yangu, lakini bila dawa yasingetosha. Yeyote aliyeanza kuumwa kabla ya miaka 45, akawa anakakamaa asubuhi na kupata nafuu akijisogeza, asikubali kuambiwa ni misuli kabla hajapimwa.

#23 Mkono Mwepesi

Bandiko #22 lisomwe na kila mtu anayepita hapa, wakiwemo wenzangu wa kazi. Ahsante, Mchwa.

#24 Mizani

Nimesoma uzi wote, na nina swali lisilopendeza. Kila mmoja hapa amepona kwa njia yake: ufagio, viwiko, kisu, miguu, kulegeza tumbo, na Nahodha kwa kulala. Haiwezekani kwamba kila njia ndiyo sababu. Maumivu ya kiuno hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mtu hutafuta tiba siku yakiwa yamejaa, kisha yakipwa anaisifu tiba. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Ukilinganisha na kutofanya kitu au tiba ya kawaida, mazoezi yalipunguza maumivu kwa takriban alama 15 katika kipimo cha 100. Si haba, lakini mwenye alama 60 anabaki na 45, na mwenye 45 bado anaumwa. Uwezo wa kufanya shughuli uliongezeka kwa karibu alama saba tu.

Hata miongozo haiafikiani. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2016 ilisema sindano za kichina zisitolewe kwa maumivu ya kiuno, nalo Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 likazipa nafasi. Ushahidi wenyewe ni ule ule, au karibu na huo. Nani anatuambia kwamba mazoezi hayatapanda na kushuka vivyo hivyo?

#25 Mkono Mwepesi

Mizani, sitakupinga kwa jeuri, kwa maana hesabu zako ni sahihi. Alama 15 ni wastani, na ndani ya wastani wamo waliopata 40 na wasiopata kitu. Tatizo letu ni kwamba hatujui kumtambua mapema nani ni nani. Watafiti haohao walidokeza kwamba Pilates, yaani mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na mgongo, na njia ya McKenzie zilitangulia kidogo mbele ya nyingine, lakini tofauti si ya kumfanya mtu ahame anachokipenda. Mimi humwuliza mgonjwa ni zoezi gani ataweza kulifanya mwezi wa tatu nisipokuwepo, naanzia hapo.

Kuhusu mashine, niseme ukweli wa kazi yetu. Mfuko wa moto unamhudumia mgonjwa huku mtaalamu akimhudumia mwingine upande wa pili wa pazia. Foleni ikiwa ndefu, mashine hushinda.

#26 Mama Pacha

Hilo la pazia ndilo jibu la nusu ya uzi huu. Mimi mtaalamu wa mashine nilimwona dakika nne kwa kila kipindi. Nilikuwa namjua kwa sauti ya viatu vyake.

#27 Pingili ya Nne

Na Mizani atuambie basi yeye anafanya nini kiuno kikimuuma.

#28 Mizani

Naogelea. Sina ushahidi wowote kwamba kunazidi mengine, napenda maji tu.

#29 Soli ya Kiatu (mleta mada)

Samahani kwa kimya cha wiki saba. Nimerudi kutoa taarifa, maana mlinipa muda wenu.

Nilikwenda kwa yule yule mtaalamu nikamwomba anitazame nikiinama. Alinyamaza kidogo, akafunga mashine, akasema sawa. Tulitumia dakika arobaini. Kujipinda kwa nyuma hakukunisaidia wala kunidhuru, kwa hiyo viwiko vya Fundi havikuwa vyangu. Aligundua kwamba navuta pumzi na kuibana kila ninapogusa goti, Mwalimu akanijia akilini papo hapo. Nimepewa mazoezi matatu, likiwemo la ufagio, na kutembea dakika ishirini kisha kuongeza. Vibandiko nimevikataa, ila mfuko wa moto nimeuomba ubaki kwa dakika tano kwa sababu naupenda, nisamehewe.

Maumivu niliyokuwa nayapa saba kati ya kumi sasa nayapa tano, siku nyingine nne, na Jumanne iliyopita yalirudi saba bila sababu ninayoijua. Kamba za viatu nafunga nikiwa nimesimama na mguu juu ya ngazi ya kwanza. Kiatu cha kushoto bado kinanitoa jasho. Sijui kama ni mazoezi, pumzi, miguu, au ni maji yamekupwa kama alivyosema Mizani.

#30 Mizani

Ukijua utuambie. Nafurahi kuhusu kamba.

#31 Fundi Mwereka

Ulijaribu viwiko siku ngapi? Siku moja haitoshi.

#32 Nahodha wa Kitandani

Naulizia kwa niaba ya rafiki. Huo mpini wa ufagio unalazwa kwa urefu wa mgongo au kwa upana? Na magoti yakiuma mtu anafanyaje?

#33 Mama Pacha

Kwa urefu, Nahodha, kutoka kisogoni hadi kwenye kifandugu, na uguse sehemu tatu: kichwa, katikati ya mabega, na juu ya makalio. Magoti yakiuma weka taulo iliyokunjwa. Na mwambie rafiki yako zoezi linafanyika sakafuni, si juu ya godoro.